Ukuta wa mabati unaomwitikia mpita njia: uanzie wapi?

Swali la msomaji: "Mimi ni mchoraji, naishi Mwanza. Nimepata nafasi kwenye maonyesho ya pamoja yatakayofanyika Dar es Salaam, na safari hii sitaki kutundika turubai. Nataka ukuta wa vipande vya mabati chakavu, kama mia nne hivi, vinavyojigeuza mtu akipita mbele yake. Kila kipande kiwe na mota yake, na kamera imtazame anayepita. Rafiki yangu anayesoma uhandisi ameniandikia orodha ya vifaa ambayo jumla yake inazidi mapato yangu ya mwaka. Fundi umeme wa mtaani anasema haiwezekani. Mwalimu wangu wa zamani anasema hiyo si sanaa, ni kiinimacho cha mafundi. Nianzie wapi, na mwalimu nimjibu nini?"

Dada yangu, usinunue kitu kwanza. Orodha ya rafiki yako si mbaya, ila imejibu swali la ukuta wenye mota mia nne na kamera, na wewe bado hujajua kama unauhitaji ukuta wa namna hiyo. Kabla ya vifaa kuna mambo matatu ya kuamua, nayo hayana gharama: anayepita atafanya nini, ukuta utafanya nini, na mtu huyo atajuaje kwamba ukuta umemjibu yeye, wala si upepo wala mwenzake aliyesimama pembeni. Hilo la tatu ndilo linaloua kazi nyingi za namna hii. Msanii anajua kilichomo ndani, kwa hiyo kila bati likitikisika yeye anaona maana. Mgeni hajui. Anaona mabati yanatikisika, anapiga picha, anakwenda zake kutafuta soda.

Tatizo hili lilishawapata watu zamani. Mwaka 1969, katika Chuo Kikuu cha Wisconsin nchini Marekani, kikundi cha wasanii na wahandisi kilifungua chumba cha giza walichokiita GLOWFLOW. Kutani ilipita mirija yenye vimiminika vinavyong'aa, sakafuni zilifichwa pedi zinazohisi uzito wa mguu, na kompyuta moja ilitawala mwanga na sauti. Wenyewe walitaka chumba kiwe na utulivu, hivyo wakachelewesha mwitikio makusudi ili watu wasianze kurukaruka juu ya pedi. Utulivu wakaupata, lakini wageni wengi hawakutambua kwamba wao ndio waliokuwa wakikibadilisha chumba. Mmoja wa waliokuwamo, Myron Krueger, alitoka hapo na msimamo ambao hakuuacha tena: mwitikio lazima uonekane kuwa ni mwitikio. Kazi yake ya baadaye, VIDEOPLACE, aliyoianza miaka ya 1970, ilimwonyesha mtu kivuli chake kwenye skrini papo hapo, na kivuli hicho kikawa kinakutana na vitu na kuvichezea. Hakuna aliyehitaji maelezo mlangoni.

Kuhusu muda, mwitikio ukija ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, mtu huhisi ni wa papo hapo. Ukikaribia sekunde nzima, anaanza kujiuliza. Ukizidi hapo, ameshahamisha mguu, amegeuza kichwa, ameongea na mwenzake, na hawezi tena kujua ni tendo lipi kati ya hayo lililojibiwa. Bahati nzuri bati si taa. Jicho husamehe kitu chenye uzito: tunajua bati huchukua muda kugeuka, kwa hiyo robo ya sekunde kabla halijaanza kujongea haitamsumbua mtu, mradi likianza lianzie pale pale aliposimama.

Najua ulikolipata wazo la vipande mia nne, au angalau nadhani najua. Ni ile familia ya vioo vya Daniel Rozin, msanii anayefundisha Chuo Kikuu cha New York. Kile cha kwanza, Wooden Mirror cha mwaka 1999, kina vipande vya mbao 830 na mota 830, kipande kimoja mota moja, na kamera ndogo imefichwa katikati. Ukisimama mbele yake unajiona umechorwa kwa mbao. Kitazame kwa karibu maana kina siri moja rahisi sana. Mbao zote ni za rangi ileile. Hakuna taa ndani yake wala skrini. Taa iko juu, nje ya kazi. Kipande kikiinamia juu kinapokea mwanga na kuonekana cheupe, kikiinamia chini kinajitia kivuli na kuonekana cheusi, na kati ya hapo kuna kila aina ya kijivu. Basi. Picha yote inatokana na pembe ya ubao kuielekea taa. Halafu kuna sauti: mamia ya vipande vikigeuka kwa pamoja hutoa mchakacho, na mchakacho huo humwambia mtu kwamba amejibiwa hata kabla hajajiona vizuri. Mwaka 2001 Rozin huyohuyo alitengeneza kioo kingine kwa vipande 500 vya takataka, na kanuni ikafanya kazi ileile ingawa kila taka ina rangi yake.

Sasa, Rozin alihitaji vipande vingi kwa sababu alitaka uso wa mtu utambulike. Wewe hujasema unataka kioo. Umesema unataka mabati yajigeuze mtu akipita. Hizo ni kazi mbili tofauti, na ya kwako ni rahisi mara kumi. Huhitaji ukuta ujue sura ya mtu. Unahitaji ujue tu kwamba kuna mtu, na yuko upande gani.

Kwa hiyo ningekushauri hivi. Acha vipande mia nne vyenye mota mia nne, fanya nguzo kumi na mbili. Kila nguzo iwe fimbo ya chuma iliyosimama, imefungiwa vipande vinane vya bati, kila kimoja upana wa sentimita 15 na urefu wa 20. Nguzo ikigeuka, vipande vyake vyote vinane vinageuka pamoja. Utapata ukuta wa karibu mita mbili kwa mita moja na zaidi ya nusu, wenye mabati 96, kwa mota 12 tu. Fimbo zikisimama wima, mabati yatageuka kama milango, si kwa kuinama juu na chini kama mbao za Rozin, hivyo taa yako ikae pembeni ya ukuta na si juu.

Hata hiyo taa huenda usiihitaji sana, na hapa ndipo uchakavu wa bati unakuwa mtaji. Upande mmoja wa kila kipande uache kama ulivyoukuta, na kutu yake, rangi iliyobambuka, tundu la msumari wa paa. Upande wa pili upige msasa na brashi ya waya mpaka umete, kisha upake vanishi isiyo na rangi ili unyevu wa Dar usiurudishe kwenye kutu kabla ya ufunguzi. Mota ya servo, ile unayoiamuru igeuke hadi pembe fulani na kusimama hapo, kwa kawaida hugeuka karibu nyuzi 180, yaani nusu duara, na nusu duara ndiyo umbali kamili kutoka uso wa kutu hadi uso wa kumeta. Katikati, kwenye nyuzi 90, bati linasimama kwa ukingo na ukuta unakuwa wazi: mtu anaona kilicho nyuma yake. Una hali tatu basi, kutu, uwazi na mng'ao, bila taa hata moja. Mimi ningeanza kuipenda kazi hii hapo.

Kabla ya umeme, ijaribu kwa mikono. Tengeneza nguzo nne, zitundike kwenye fremu ya mbao uani kwako, funika nyuma kwa kitenge, na mtu akae nyuma ya kitenge azizungushe kwa mkono huku akichungulia tunduni. Waalike majirani wapite, bila kuwaambia kitu. Usitazame mabati, watazame wao. Je, mtu anasimama au anapunguza mwendo tu? Akisimama, anarudi hatua moja nyuma kuhakikisha? Hiyo hatua ya kurudi ndiyo unayoitafuta. Ndiyo dalili kwamba ameshuku kuwa ni yeye. Wengine watainua mkono na kuupunga. Watoto watakimbia kutoka upande huu hadi ule. Ukiona hakuna anayerudi, badilisha tendo la ukuta na ujaribu tena. Labda mabati yageuke nyuma ya mtu badala ya mbele yake, kama wimbi linalomfuata. Labda yatulie kabisa anapotembea, yageuke anaposimama. Mabadiliko ya namna hii uani yanachukua dakika tano. Ukishafunga mota na kuandika programu yanachukua siku, na kwa kuwa yanachukua siku, hutayafanya.

Ukishaijua tabia ya ukuta wako, ndipo uje kwenye vifaa.

Ubongo wake uwe bodi ya Arduino Uno, kompyuta ndogo ya kuendesha mota na vihisi. Usitishwe na jina. Arduino ilizaliwa mwaka 2005 kwenye mji wa Ivrea, Italia, katika chuo cha ubunifu na si cha uhandisi, ikiwa imejengwa juu ya kazi ya mwanafunzi mmoja kutoka Colombia, Hernando Barragán, aliyekuwa ametengeneza mfumo wa Wiring miaka miwili kabla. Waliolengwa tangu mwanzo walikuwa watu kama wewe, wabunifu wasiojua saketi. Zile nakala za bei nafuu zinazouzwa Kariakoo zinatosha kwa kazi hii. Na kuna sadfa nzuri: maktaba ya kawaida ya servo kwenye Uno, yaani programu iliyokwisha kuandikwa ya kuziamuru mota hizo, inaendesha mota 12 na si zaidi. Hizo zitakaa kwenye pini 2 mpaka 13. Pini 0 na 1 ziache, ndizo bodi inazotumia kuwasiliana na kompyuta. Zinabaki pini sita za upande wa analogi, A0 mpaka A5, ambazo zinaweza kutumika pia kama pini za kawaida, nazo zinatosha vihisi vitatu vinavyohitaji pini mbili mbili za bodi. Hakuna inayobaki na hakuna inayopungua.

Kihisi ninachokipendekeza ni kile cha mwangwi, HC-SR04, chenye macho mawili ya duara. Jicho moja linatoa mlio ambao sikio la binadamu halisikii, la pili linasikiliza unavyorudi. Sauti husafiri hewani karibu mita 340 kwa sekunde, hivyo ukijua muda wa kwenda na kurudi umejua umbali. Kinapima kuanzia sentimita 2 hadi kama mita 4. Weka vitatu, kushoto, katikati na kulia, kila kimoja kitawale nguzo nne. Visilie kwa wakati mmoja, maana kimoja kitausikia mwangwi wa mwenzake na utaona ukuta unaota mizimu. Vilie kwa zamu, milisekunde 60 kati ya mlio na mlio. Zamu nzima ya vihisi vitatu itachukua chini ya sehemu moja ya tano ya sekunde, na hiyo bado iko ndani ya ule msamaha wa jicho niliousema.

Kihisi hiki kina udhaifu mmoja ambao vitabu vya kigeni huutaja juu juu, na kwetu ni mkubwa: nguo laini humeza mlio. Mtu aliyevaa jinzi na shati utampata mita tatu. Mama aliyejitanda kanga mbili, au dada mwenye buibui pana lenye mikunjo, anaweza kutoonekana kabisa mpaka akaribie, au akaonekana na kupotea, akaonekana na kupotea, na mabati yakamtikisikia kama yana homa. Kwenye maonyesho Dar es Salaam huyo si mgeni wa nadra, ni nusu ya ukumbi. Dawa ni mbili. Ya kwanza, usiamini kipimo kimoja: chukua vitano vya mwisho, vipange kwa ukubwa, tumia cha katikati. Kitakuongezea kuchelewa kwa kama theluthi ya sekunde, kupita ile robo niliyoisema, lakini kitaua ile homa. Ya pili, ukishampata mtu usimwachie haraka. Hata kihisi kikimpoteza, mabati yaendelee kumhesabu yupo kwa sekunde moja na nusu hivi. Halafu fanya majaribio yako yote na watu waliovaa watakavyovaa siku ile, si wewe na fulana yako ya kazini.

Mbona nasisitiza nguo? Kwa sababu hata wenye fedha zote duniani wamekwamia hapohapo. Kuna kazi maarufu ya kikundi cha Random International cha London, iitwayo Rain Room, iliyoonyeshwa kwanza ukumbi wa Barbican mwaka 2012. Mvua inanyesha ndani ya chumba, na popote unapotembea inakatika juu yako, mradi utembee polepole, ukikimbia unalowa. Kamera zinazopima umbali zinakufuatilia kutoka juu. Kazi hiyo ilipozunguka, wageni walishauriwa wasije na nguo nyeusi au za kung'aa, kwa kuwa kamera hazikuziona vizuri, na aliyepuuza alilowana. Tangu 2018 ina makazi ya kudumu Sharjah, kwa hiyo wasomaji wetu walioko Ghuba wanaweza kwenda kujionea.

Hii pia ndiyo sababu ya pili ya kukuambia uachane na kamera safari hii. Programu za kutambua nyuso zilifunzwa kwa picha za watu weupe kwa wingi. Joy Buolamwini, Mmarekani mwenye asili ya Ghana, alikuwa chuo kikuu cha MIT, Marekani, akitengeneza kazi ya aina yako hii hii, kioo kinachokuvika sura nyingine juu ya taswira yako, na programu ikawa haiuoni uso wake mpaka alipovaa kinyago cheupe. Hakuishia kulalamika. Mwaka 2018, pamoja na Timnit Gebru aliyezaliwa Addis Ababa, alichapisha utafiti wa programu tatu za makampuni makubwa zinazokisia jinsia kwa uso: kwa wanaume weupe kosa halikuzidi asilimia 0.8, kwa wanawake weusi lilifika asilimia 34.7. Programu hizo zimeboreshwa tangu hapo, lakini kanuni kwako inabaki: ukitumia kamera siku moja, ijaribu kwa ngozi za watu wa kwenu, kwenye mwanga hafifu wa ukumbi wenyewe, kabla hujaahidi kitu. Mlio wa HC-SR04 haujali rangi ya mtu. Unajali kitambaa tu.

Turudi kwenye mota, maana hapa ndipo fundi wako wa mtaani alipokuwa na hoja, japo hakuieleza. Servo ndogo za bluu zenye gia za plastiki usizinunue kwa nguzo hizi, zitang'oka meno. Chukua zenye gia za chuma, aina ya MG996R. Hata hizo usizibebeshe uzito. Chini ya kila fimbo weka beringi, hata ile ya kuokota, fimbo ikae juu yake, na mota iwe juu ikigeuza tu. Ukishindwa kuigeuza nguzo kwa kidole kimoja, mota nayo itateseka. Na usiiamuru iruke kutoka 0 hadi 180 kwa mkupuo mmoja, kwa kuwa bati lina uzito wa kuendelea nalo litapita mahali pake na kurudi likipigapiga. Ipeleke nyuzi mbili tatu kwa wakati. Nguzo ya jirani ianze kidogo baada ya mwenzake. Ukuta utaacha kuonekana kama mashine ya kiwandani na utaanza kupumua.

Umeme wake ndio utakaokutoa jasho. Mota moja ya aina hiyo ikikwama inaweza kuvuta ampea 2 na nusu. Zidisha kwa kumi na mbili, unapata ampea 30 kwa volti 5. Bodi ya Arduino haiwezi kutoa hata sehemu ndogo ya hiyo. Pini yake moja haitakiwi kuvuka miliampea 40. Kwa hiyo pini itoe amri tu, nguvu itoke kwingine. Nenda kwa mtengeneza kompyuta yeyote umwombe pawa saplai ya kompyuta ya mezani iliyotupwa lakini bado nzima. Waya nyekundu ni volti 5, nyeusi ni hasi, na ukiunganisha waya wa kijani na mweusi mmoja inawaka bila kompyuta. Pembeni yake kuna karatasi inayotaja ampea zake. Tafuta yenye 20 au zaidi kwenye volti 5, kisha programu yako isiruhusu zaidi ya mota nne kugeuka kwa wakati mmoja. Boksi lenyewe usilifungue hata likiwa limechomolewa, ndani yake kuna kapasita zinazotunza umeme. Raha ya mpango huu ni kwamba umeme wa ukutani unaishia kwenye boksi hilo. Kila kitu ambacho mtoto anaweza kukishika ni volti 5.

Mota ikishafika mahali pake, ikatie amri. Servo inayoshikilia pembe kwa nguvu hulia mlio mwembamba na kupata moto, na mota kumi na mbili zikilia kwenye ukumbi mtulivu zinaharibu kila kitu ulichokijenga. Ukiikatia amri inanyamaza, na beringi inatosha kuiacha nguzo imetulia, isipokuwa kama kuna feni karibu.

Kuhusu mwalimu wako. Sipendi kumjibu kwa orodha ya majina, lakini ajue kwamba mjadala huu si wa jana. Mwaka 1966 mhandisi Billy Klüver wa Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu ya Marekani, aliwakutanisha wasanii wa New York, Robert Rauschenberg akiwa mmojawapo, na wahandisi kadhaa wakatoa maonyesho ya usiku tisa. Miaka miwili baadaye Jasia Reichardt aliandaa London maonyesho makubwa ya kompyuta na sanaa, Cybernetic Serendipity. Kwa hiyo hoja kwamba kitu chenye mota hakiwezi kuwa sanaa imeshachelewa zaidi ya nusu karne.

Lakini mwalimu ana hoja nyingine chini ya hiyo, nayo ni ya haki: kazi nyingi za namna hii kweli ni kiinimacho. Mtu anashangaa, anacheka, anauliza "imefanyaje?", akishajibiwa hana tena sababu ya kubaki. Mimi nina kipimo changu cha kienyeji: zima umeme uone kinachobaki. Kioo cha Rozin kikizimwa bado ni ubao mzuri unaotazamika. Ukuta wako ukizimwa utakuwa mabati 96 yaliyokuwa mapaa ya nyumba za watu, na hilo peke yake lina la kusema kabla mota haijagusa kitu.

Kipimo hicho si sheria, na kuna kazi moja ninayoiheshimu inayokivunja vibaya. Rafael Lozano-Hemmer, mzaliwa wa Mexico anayeishi Canada, alionyesha Pulse Room kwa mara ya kwanza Puebla mwaka 2006, na mwaka uliofuata ikawa kwenye banda la Mexico huko Venice. Ni chumba cha giza chenye balbu za kizamani, mia moja hadi mia tatu, zinazoning'inia darini. Unashika vishikio viwili, kihisi kinasoma mapigo ya moyo wako, na balbu iliyo karibu nawe inawaka na kuzimika kwa mapigo hayo. Ukiachia, mapigo yako yanahamia balbu ya kwanza kwenye foleni, na ya wote waliokutangulia yanasogea nafasi moja. Aliyekuwa wa mwisho kabisa anatoka. Zima umeme, hakuna kitu pale ila balbu za dukani. Ila ukiwasha, umesimama chini ya mioyo ya watu waliopita, na unajua kwamba wako nao utasukumwa mpaka utoke. Hapo swali la "imefanyaje" mtu analijibu mwenyewe kwa dakika moja, na bado habanduki.

Unaweza kuazima fikra hiyo bila kuiga. Kwa sasa ukuta wako unamjibu mtu, kisha unasahau. Je, ukikumbuka? Kila anayepita ageuze nguzo moja tu kutoka kutu kwenda mng'ao, na ibaki hivyo. Wageni kumi na wawili wataung'arisha ukuta wote, wa kumi na tatu aanze kuurudisha kwenye kutu. Hakuna kifaa cha kuongeza, ni mistari michache ya programu. Sikulazimishi, huenda wimbi linalomfuata mtu likawa zuri zaidi kwa macho. Lakini ukichagua hili, mgeni ataukuta ukuta katika hali ambayo wengine wameuachia, na hapo mwalimu wako ana jambo la kujadiliana nawe tofauti na mota.

Yaliyobaki ni ya fundi. Kingo za mabati zikunje zote kwa koleo, watu watazigusa hata ukiandika wasiguse. Kompyuta yako irudi nyumbani nawe. Programu ikishaingia kwenye bodi inakaa humo, na hii ndiyo faida kubwa ya Arduino juu ya laptopu na projekta, kwa kuwa hakuna ujumbe wa kusasisha mfumo utakaotokea katikati ya ukuta mbele ya wageni. Umeme utakatika na kurudi, hilo lipange tangu sasa: weka kizuia umeme wa ghafla kwenye soketi, na uandike programu iamshe nguzo moja moja ukirudi, vinginevyo zote kumi na mbili zitaruka pamoja na pawa saplai itajizima. Kaa na mota mbili za akiba na bisibisi, umwachie mlinzi wa ukumbi karatasi moja yenye maagizo mawili: chomoa, hesabu mpaka kumi, chomeka. Kama hiyo haitoshi kuufufua ukuta, bado hujaumaliza.

Anza na zile nguzo nne za uani na kitenge. Ukifika kwenye mota, funga moja tu kwanza, kisha nne, kisha zote. Na siku ya kwanza zikianza kutetemeka ovyo bila mtu kupita, usiguse programu: angalia kama waya wa hasi wa pawa saplai umeunganishwa na hasi ya Arduino. Mara nyingi ni huo.